Kundi la Jumamosi

Refa alichomoa kadi ya njano akamwonyesha mtu ambaye hakuwa na upanga mkononi. Alikuwa na chupa ya maziwa ya vuguvugu, sweta la akiba na sauti ya king'ora.

"Mama, kaa chini," refa alisema. "Ukipanda tena juu ya benchi nakutoa nje ya ukumbi."

Meneja akakaa, shingo upande. Kule benki walitetemeka akikohoa tu, lakini hapa alikuwa mlezi kama walezi wengine, na kocha alikwisha kuwajua walezi vya kutosha. Bango la mlangoni lilisema mchezo wa upanga ni wa umri wote. Kocha aliliandika kwa mkono wake mwenyewe, akiamini kila neno. Jumanne alifundisha wanachuo. Alhamisi walikuja watu wa maofisini na vitambi vyao. Hao hawakumpa shida. Lililomtoa jasho ni kundi la Jumamosi, lile la kuletwa na kuchukuliwa. Wachezaji wake walikuwa watu wema kabisa. Balaa lilikuwa kwa waliowaleta.

Walimvuta kocha pembeni kabla ya mazoezi, wakamvuta tena baada ya mazoezi. Huyu wangu hakulala mchana, usimchoshe. Wangu asipewe peremende, hata akikuapia kwamba nimemruhusu. Mbona wa wakili ameshafundishwa kushambulia, na wangu bado anafundishwa kusimama? Yote hayo waliyasema mbele ya wahusika wenyewe, juu ya vichwa vyao, kana kwamba wahusika ni viti.

Meneja ndiye aliyekuwa kinara wao. Alimleta Kijembe akiwa amemshika mkono tangu ng'ambo ya barabara, akamvalisha soksi, kisha akamuuliza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kama ameshakwenda chooni. Kijembe ni jina alilojipa mwenyewe siku ya kwanza, akakataa katakata kuitwa jingine. Alikuwa mdogo wa umbo, na akicheka yalionekana mapengo mawili ya mbele. Aliupenda mchezo huu kufa. Nyumbani alijifua kwa mwiko mpaka akapasua kioo cha kabati, na Jumamosi alikuwa amevaa tangu alfajiri, anasubiri mlangoni. Kocha hakuwa na mwanafunzi aliyempa raha kuliko huyu.

Ndiyo maana maneno ya asubuhi ile yalimkaa rohoni.

"Leo akishindwa, namtoa," Meneja alisema, amepiga magoti akimfunga Kijembe kamba za viatu. "Nampeleka kwenye drafti. Huko hakuna wa kumchoma. Au sivyo, baba? Drafti si nzuri?"

Kijembe alitazama viatu vyake. Alingoja mpaka Meneja alipokwenda kugombea kiti cha mbele.

"Kocha," alinong'ona, "mimi sitaki drafti."

"Najua," kocha alisema. "Basi kacheze."

Mpinzani alikuwa Tanki, wa wakili, mnene, mpole, mwenye kupumua kwa kelele. Wakili alikuwa akirekodi kila hatua kwa simu, kama mtu anayekusanya ushahidi. Walianza taratibu, wakanogewa, na kadi ya njano ilipotoka walikuwa nne kwa nne. Wa kwanza kugusa sasa ndiye mshindi.

Klabu haikuwa na mashine za taa za kuonyesha nani amegusa. Refa alitegemea macho yake, na wachezaji walitegemewa kusema kweli. Hilo lilikuwa somo la kwanza la kocha, kabla mtu hajashika hata mpini: ukiguswa, sema.

Kijembe akachomoka. Tanki naye akanyoosha mkono. Panga zote mbili zikapinda, na refa akainua mkono upande wa Kijembe.

Meneja alikuwa juu ya benchi tena. Alilia, akacheka, akamkumbatia wakili ambaye wakati huohuo alikuwa akipinga matokeo. Kocha mwenyewe alijikuta amekunja ngumi kwa furaha. Kijembe amepona.

Kisha Kijembe akainua mkono wake.

"Hapana, refa," alisema. "Yeye ndiye aliyenigusa kwanza. Hapa, kifuani."

Refa aliwatazama wote wawili, akashusha mkono, akaunyanyua upande wa pili. Tanki alisimama anahema, haelewi kama ameshinda. Kocha alijisikia fahari na uchungu kwa mpigo mmoja. Somo lake lilikuwa limeingia barabara, na lilikuwa limemkosesha mwanafunzi wake bora.

Meneja alivuka ukumbi na sweta lake.

"Umemfundisha nini huyu?" alimfokea kocha. "Ameshinda, halafu anajifungisha mwenyewe! Basi, yameisha. Nipe mfuko wake. Jumamosi ijayo usitungoje."

Akaanza kumvua Kijembe glavu, kidole kimoja kimoja.

"Twende zetu, baba. Utaizoea tu drafti."

"Muulize mwenyewe anataka nini," kocha alisema.

"Anajua nini yeye?"

Kijembe alivua barakoa ya waya, akajifuta jasho kwenye upara, akamtazama binti yake.

"Wewe ulicheza netiboli miaka mitatu hujawahi kuudaka mpira," alisema. "Nilikutoa?"