Macho ya Siku ya Tatu

Ijumaa, siku ya tatu ya kufunga, macho ya Umurerwa yaligeuka manjano tena.

Aliyaona kwenye kipande cha kioo, akatamani ardhi ipasuke immeze. Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo: kanisa zima la pale kilimani, Masisi, lilifunga siku tano kwa maji matupu, na ni yeye peke yake aliyegeuka rangi. Safari hii wanakwaya wenzake hawakuhangaika hata kunong'ona. Walimwambia wazi kwamba akiwa shambani anajinywea kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kwamba ini lake limeanza kumsema.

Kilichomuuma zaidi ni baba yake. Shemasi Karangwa ndiye aliyeongoza mfungo. Kila mchana alipanda peke yake hadi kwenye zizi la ng'ombe wake akaombe huko, na jioni akashuka na sauti ya kutikisa mabati, wakati wenzake hata kuinuka kitini ni kazi. Watu walitikisa vichwa, wakasema huyo kweli ni mtu wa Mungu.

"Unaniletea haya," alimwambia binti yake bila kumtazama. "Dimanche, siku ya kumaliza mfungo, utapiga magoti mbele ya kanisa, utubu ulevi yako. Ukikatala, mu korali umetoka, hautaimba tena."

"Papa, sikunywa kitu."

"Na ile macho?"

Kesho yake alijifunika kitenge hadi puani, akaenda na mama yake, Dancille, kwa Magloire, muuguzi wa kituo cha afya. Magloire alimpima malaria, hakuna. Akambonyeza chini ya mbavu, akauliza rangi ya mkojo, kisha akafunua daftari la mwaka jana, ambamo macho hayo hayo yaliandikwa wakati wa mfungo.

"Dada, hii hapana pombe," alisema. "Damu yetu inazeeka kila siku. Ile nyekundu yake ikivunjika, inageuka manjano, na foie, ile ini, inaichukua, inaitosha inje. Foie yako iko muzima, lakini ukikaa na njaa inafanya kazi polepole. Manjano inabakia mu damu, inapanda ku macho. Ukila, siku mbili tatu inaisha. Hata si ugonjwa. Muntu anazaliwa nayo."

"Njo vile!" Mama Dancille akapiga makofi. "Papa yake pia! Wakati tulikimbia vita mpaka Kashebere, siku tatu mu pori bila kula, macho yake ilikuwa sawa kiini ya yai. Tulizani anakufa."

Magloire aliyaandika maelezo yake katika barua, akagonga muhuri. Umurerwa akalia palepale.

Jumapili, siku ya tano, alikaa benchi la mbele, kichwa chini. Baba yake aliisoma barua mwenyewe mimbarini. Alianza kwa kusitasita, halafu sauti ikapanda. Ulikuwa mzigo wa miaka miwili unaomtoka mzazi, na furaha ikamzidi.

"Mumesikia? Mutoto wangu hapana mulevi! Yeye njo alifunga kweli kweli! Na hii damu alitosha kwangu, papa yake. Mimi pia, wakati ya vita, siku tatu tu bila kula, macho yote manjano! Mama Dancille iko shahidi!"

"Amina!" kanisa likaitika.

Umurerwa aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, amtazame baba yake kwa shukrani. Nyuma yake amina zilianza kupungua, benchi moja baada ya jingine. Watu wote walikuwa wanaangalia mahali pamoja. Naye akaangalia, kisha akainama haraka na kuvuta kitenge usoni.

Siku ya tano ya mfungo, macho ya Shemasi Karangwa yalikuwa meupe pe, kama maziwa.