Tonge la Shaweji

Wakili wa serikali alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema polisi hawanaye mtu anayetafutwa na hawajapata kumkamata.

Tunu aliinua bakuli lake la mfuniko mbele ya jaji. Wiki tisa alikuwa akilipeleka kituoni na wali ndani, na askari wa lango akimrudishia tupu.

"Kama mume wangu hayumo humo, mheshimiwa, basi nani anakula?"

Jaji alivua miwani. "Mama, una hakika anayekula ni yeye?"

Angeweza kusema ndiyo, lakini ulimi hauna mfupa. "Shaweji hamalizi chakula, mheshimiwa. Tangu nimjue hubakiza tonge la mwanawe. Bakuli hili linarudi jeupe, bila hata punje."

Kwenye benchi la nyuma, yule askari wa lango aliinamisha kichwa. Jaji aliandika kidogo, kisha akasema hawezi kuwaamuru watu wamlete mtu wasiyekuwa naye. Ombi likatupwa.

Kesho yake Tunu alipika tena, maana hakujua jingine la kufanya. Askari alilipokea bakuli bila kumtazama usoni, akaingia nalo ndani, akakawia, akalirudisha.

Tunu alilifunua pale pale, kando ya ukuta wa kituo. Ndani palikuwa na tonge moja la wali, limefinyangwa vizuri, alama za vidole zingali juu yake. Akachuchumaa, akaanza kuzitazama alama zile, moja moja, kama ni za vidole vya Shaweji.