Kaseti Ambayo Mama Hakuisikiliza

"Huo waya hauingii humu," nesi alisema.

Binti akaurudisha mkobani ule waya wa vipokea sauti vya redio. Kweli, mirija ilikuwa imemzunguka mama yake pande zote. Wagonjwa wa chumba kile walivishwa vipokea sauti visivyo na waya, kuwakinga na makelele ya mashine. Hata bibi wa kitanda cha pili, aliyeokotwa barabarani na asiye na mtu wa kumuulizia, alikuwa navyo.

Lakini redio ya kaseti ya mfukoni aliyokuja nayo ni kitu cha zamani. Haijui mambo ya bila waya.

Mjomba, fundi redio, akatoa kidude kidogo kama kidole gumba, akakichomeka kwenye tundu la redio. "Hiki kitairusha sauti hewani. Taa ya bluu ikiacha kupepesa, ujue imeshayashika masikio ya dada."

"Na akishtuka je, mjomba?"

Mjomba akakikaza kidude kwa kidole. Dada yake hakuwa amefumbua macho tangu kiharusi kimwangushe jikoni, na daktari alikuwa ameanza kuongea nao kwa ile sauti ya chini ya kuwaandaa watu.

Kaseti ilikuwa ya marehemu baba. Aliirekodi akiwa mahututi nyumbani kwa mwanamke aliyemfuata, akimlilia mkewe amsamehe. Mama aliipokea, akaifungia kabatini. "Akamlilie huyohuyo," alisema, na habari ikaishia hapo. Hakuisikiliza hata mara moja. Hakuitupa pia.

Binti akabonyeza kitufe. Taa ikapepesa, ikatulia, mjomba akiwa bado anaviwasha vipokea sauti vya dada yake.

"Imeshika upesi," mjomba alisema, ameridhika.

Kaseti ikaanza kuzunguka. Mama hakutikisika. Binti akaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi na mzito.

"Mama, ni baba," alimnong'oneza. "Msikilize tu. Si lazima umjibu."

Wakangoja. Utepe wa upande wa kushoto ukazidi kupungua. Uso wa mama ukabaki vilevile, umefungwa kama mlango wa mtu aliyesafiri.

Ndipo mashine ikaanza kulia.

Binti akauachia mkono wa mama. "Izime, mjomba. Izime, tunamuua."

Mjomba akabonyeza vitufe ovyo. Nesi akaingia mbio, akawasukuma wote wawili kando, akakipita kitanda cha mama bila hata kukitazama.

Bibi wa kitanda cha pili alikuwa amefumbua macho. Machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni mpaka kwenye vipokea sauti vyake.

"Huyo baba anayelia," alisema kwa sauti iliyokauka, "mwambieni arudi nyumbani. Nimemsamehe."