Arobaini ya Mjukuu Wangu

Tangu ghuba yetu itakate, haingii mtu majini bila kupimwa. Mwenye sumu mwilini anarudishwa, asije akaichafua tena.

Mimi na binti yangu Mishi tumesharudishwa mara tatu. Miaka tisa tulizama matopeni hadi kiunoni, tukizoa mafuta na kupanda mikoko. Hiyo sumu iliyotoka ghubani walidhani imekwenda wapi?

Leo mtoto wa Mishi ametimiza siku arobaini, na kwetu siku hiyo mtoto huchovywa miguu baharini. Tukampeleka langoni.

"Nyinyi wawili hampiti," akasema Chengo, mlinzi. "Lakini mtoto nipeni, nitamchovya mwenyewe."

Akamgusisha kisigino kwenye kipimo. Taa ikawaka nyekundu.

"Huyu hajakanyaga tope hata siku moja!" nikafoka.

Chengo akainamisha macho. "Ananyonya, mama."

Wageni wa hoteli wakatupita na mataulo yao mabegani, taa ikiwawakia kijani.

Nyumbani nilijaza beseni maji ya bomba, nikatia chumvi ya jikoni, nikamchovya miguu. Baadaye akalia kwa njaa. Mishi akamtazama tu, kanga ameikaza kifuani.