Pini Zisizobana

"Nataka zinazochomoka," mwanamke alisema.

Muuza spea akaacha kutafuna kijiti chake. Alikuwa ameshamwaga juu ya kaunta vichwa vyote vya waya wa spika alivyokuwa navyo: vyenye umbo la uma, vya kukaza kwa skrubu, na pini nene zenye springi ubavuni. Alikuwa akivisifia kimoja kimoja kama mabinti wanaotafutiwa wachumba.

"Dada yangu, watu huja hapa wakilalamika pini zao zimechomoka. Wewe ndiyo kwanza unataka zichomoke?"

"Nikivuta tu. Zenyewe zisichomoke."

"Kuna mtoto anajikwaa kwenye nyaya, eeh?"

"Ndiyo," akajibu. Hakuwa na mtoto.

Akafumba macho, akaanza kuzijaribu kwenye amplifaya mbovu iliyokuwa pale kaunta, akichomeka na kuchomoa kwa mkono wa kushoto. Nzuri zote akazikataa. Mwisho akachagua nne zilizolegea, kutoka kwenye kopo la vitu vya kutupwa.

"Hizo hata bei naona haya kuitaja," muuza spea akasema. "Chukua, ila usimwambie mtu umezitoa kwangu."

Aliyemtuma ni mumewe. Nyaya za zamani zilikuwa zinakwaruza, na fundi wa nyumba ile ni mke. Baba yake alikuwa mtengeneza redio, naye alikua akimshikia taa. "Tengeneza za maana," mume alimwambia. "Sitaki muziki unikatikie."

Basi mke akakaa chini, akamenya nyaya, akasokota shaba, akayeyusha risasi ya kulehemu. Pini zote nne akazifunga pamoja kwa utepe, ili ukivuta moja zije zote. Nyaya akaziacha ndefu kuliko ilivyohitajika, akazipitisha ukutani, nyuma ya kochi, mpaka kwenye kona ya kabati.

Kisha akalala sakafuni kwenye kona ile. Akakunja magoti, akakinga uso kwa mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto. Vidole vikazigusa nyaya. Akainuka, akajipangusa vumbi, akaenda kuinjika chakula.

Maana mumewe, jamani, hakuwa mtu wa kugomba. Akikasirika, huongeza sauti ya muziki kwanza.

Kesho yake, kwenye kamba ya nguo, alikutana na jirani yake wa ukuta mmoja.

"Juzi mmetuburudisha, mwenzangu!" jirani akasema. "Sisi redio yetu imekuwa pambo, naifunika kitambaa tu. Ya kwenu inatutosha." Akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa cha dawa ya kuchua. "Shika. Nimekuona unachechemea. Bafu letu lile linateleza."

"Linateleza kweli."

Mume wa jirani akapita na ndoo mbili za maji, mtu wa miraba minne, hata hahemi. "Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji."

Akayatazama yale mabega yakiishia mlangoni. Mlango wa kwake angeubwaga kwa pigo moja, huyu. Ni watu wema. Shida yao ni moja tu, hawasikii. Siku wakisikia, watakuja. Hilo ndilo tumaini pekee alilobakiwa nalo, na alilishika kwa nguvu zote.

Akangoja Jumamosi. Mchana ule kila mtu alikuwa nyumbani. Watoto wa majirani walikuwa wakicheza koridoni, na ng'ambo ya ukuta kisu cha jirani kilikuwa kikikatakata mboga. Mume akavaa shati, akakuta kifungo hakipo.

Alifunga dirisha, akafungulia redio kwenye kipindi cha nyimbo, akazungusha kitufe mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Akainamisha kichwa kusikiliza.

"Nyaya umezipatia," akasema. "Safi kabisa."

Ndipo akageuka.

Ya katikati siyasimulii. Anayeyajua anayajua, na asiyeyajua ashukuru. Mwanamke aliishia kwenye kona ya kabati, palepale anapoishiaga siku zote, mkono wa kulia usoni. Wa kushoto ukapapasa ukuta, ukazipata nyaya, ukavuta.

Pini zote nne zikatoka. Muziki ukakatika katikati ya kiitikio, na sauti yake ikabaki peke yake.

"Jamani! Jamani, ananiua!"

Mume akaganda, ngumi hewani. Koridoni watoto wakanyamaza. Kisu cha jirani kikaacha kukata. Wamesikia! Hata yeye mwenyewe alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa kubwa.

"Jirani! Shemeji, nisaidie!"

Ng'ambo ya ukuta kiti kikasukumwa nyuma. Hatua nzito zikatembea sakafuni, hatua za mtu wa miraba minne. Mume akazisikia. Akashusha mkono, akautazama mlango. Mwanamke akalia kwa furaha, damu na machozi pamoja, kwa kuwa ilikuwa imekwisha.

Hatua zikasimama. Swichi ikalia, ta. Na kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ya mwisho kabisa, wimbo uleule ukaendelea.