Tumbo Lisiloulizwa

Wewe umeliona tumbo lile, usijitie hamnazo. Limekupita mlangoni likimtangulia mwenyewe, nawe ukageuza uso dirishani kana kwamba mawingu yana habari mpya. Hukuwa peke yako. Chumba kizima cha kushonea magodoro kilikuwa kinalitazama dirisha hilo hilo.

Mshonaji alikuwa na mimba iliyotimia. Cherehani yake aliisogelea kwa ubavu, kama mtu anayepenya uchochoroni, na mkasi aliuweka juu ya tumbo kama mezani. Na bado, tangu tumbo lianze kusukuma vifungo vya koti la kazi, hakuna aliyemuuliza hata nusu swali.

"Hata mmoja?" shangazi yake alimaka kwenye simu kutoka nyumbani. "Tumbo lote hilo?"

"Hata mmoja, shangazi. Ndivyo walivyo wenyeji wa huku."

"Basi hao ama vipofu ama wachawi!"

Kwao, mimba ile ingeshajadiliwa dukani, kwa fundi viatu na kwenye foleni ya maziwa, na watu wangeshagombania jina la mtoto. Lakini huku alifundishwa. Mwezi wake wa kwanza, kiwanda kilimweka chumbani peke yake na mwalimu wa lugha, jioni baada ya jioni. Mwalimu akamfundisha kusema, kisha akamfundisha kunyamaza: wenyeji usiwaulize umri, ndoa, watoto, maradhi wala walikotoka, na ya kwako usiwatwike. Ukizidiwa na hamu ya kuongea, sema, "Hali ya hewa ni nzuri leo, sivyo?"

Mwenye kiwanda alilipenda sana somo hilo. Si mjinga yule. Watu wasioulizana habari za nyumbani hawataulizana habari za mshahara.

Basi Mshonaji akayameza maswali yake, nayo yakamwasha kama upupu. Mkata Sponji, pande la mtu, alivaa pete mbili kwenye kidole kimoja: ya pili ya nani? Mama Foronya, mshona vitambaa vya juu, aliimba kwa sauti ya chini nyimbo ambazo Mshonaji hakuambulia hata neno. Lahaja ya kwao, labda. Nani alimfundisha? Msimamizi naye alikula akiutazama ukuta, anatabasamu peke yake. Anamkumbuka nani? Haulizwi mtu. Kila asubuhi walitazamana kwa heshima zote, na mmoja baada ya mwingine wakasema hali ya hewa ni nzuri leo, sivyo, hata siku ambayo mvua ilikuwa inataka kung'oa bati.

Wala hawakuwa na roho mbaya. Siku moja alikuta kiti chake kimeondolewa, amewekewa kile cha Msimamizi, chenye mto. Siku nyingine kofia ya sufu, ndogo kama chungwa, "ilisahauliwa" juu ya cherehani yake. Alimtazama Mama Foronya. Mama Foronya akatazama dirishani.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa kimoja tu. Mumewe ni baharia, na meli haijali mimba ya mtu. Uchungu ukimshika, nani atampeleka hospitali? Atamshika nani mkono?

Ukamshika kazini, katikati ya mshono. Akajikaza kisabuni. Akauma kitambaa. Mkata Sponji akaja mbio na godoro, akalitandika miguuni pake, akaleta la pili, akaleta la tatu, jasho linamtiririka, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Hali ya hewa," akasema, "ni nzuri leo, sivyo?"

"Si nzuri!" Mshonaji akapiga ukelele. "Si nzuri hata kidogo! Niulizeni! Jamani, niulizeni!"

Lo! Maswali yakamwagika kama gunia lililopasuka.

"Wa kwanza huyu, mwanangu?" Mama Foronya alikuwa keshapiga magoti. "Unasikia mgongoni au chini? Baba yake yuko wapi?"

"Baharini!"

"Mlioana kwa harusi au mlitoroka?" aliuliza Msimamizi, na sauti ilimtoka kama mtu aliyekuwa analivizia swali hilo tangu mwaka jana.

"Tulitoroka!"

"Hongera!"

Wakambeba na godoro lake mzobemzobe hadi kwenye lori la magodoro, wakapanda wote, mashine wakaziacha zinanguruma zenyewe. Lori likaondoka. Mle nyuma watu walicheka mpaka mbavu zikauma, na mwenye uchungu ndiye aliyewashinda wote, anacheka, anapiga yowe, anacheka tena.

"Na wewe kaka, pete ya pili ya nani?"

"Ya mke wangu! Vidole vimemvimba, ana mimba ya miezi saba!" Mkata Sponji alikuwa analia kwa furaha. "Na hakuna aliyeniuliza!"

"Sasa mimi mbona hamkuniuliza siku zote hizi?"

"Tungekuulizaje, mwanangu?" Mama Foronya alimfuta jasho. "Mwalimu alitukataza. Alisema wenyeji mnachukia."

"Wenyeji? Mimi mgeni! Wenyeji si nyinyi?"

Mama Foronya akamtazama Mkata Sponji. Mkata Sponji akatikisa kichwa. Wote wakamgeukia Msimamizi.

"Msinitazame mimi," Msimamizi akasema kinyonge. "Mimi miaka yote nimekuwa nikimnyamazia dereva."

Kidirisha cha mbele kikafunguka. Dereva akakohoa, bila kugeuka.

"Hali ya hewa," akasema, neno baada ya neno, "ni nzuri leo, sivyo?"

Na wewe, bado uko dirishani? Geuka. Huyo aliye karibu nawe, muulize. Sasa hivi.