Langu Lina Mama Yako

Tangu watoke Kaengesa, Cornelia alikuwa ameuma pindo la kitenge chake ili asiseme neno.

Pembeni yake mumewe, mzee Adriano, alishika usukani wa Landrova yao kuukuu, waliyoinunua mwaka aliobatizwa mtoto wao wa kwanza. Nyuma kulikuwa na gunia la ulezi la kumpelekea binti yao Monika, Sumbawanga mjini.

Kwa kawaida safari hiyo Cornelia huimaliza akiongea. "Ona watoto wa shule hao kushoto, masweta yamekuwa mafupi." "Huyu naye na mkokoteni wake wa ng'ombe, kakaa katikati kama barabara ya baba yake." "Daraja la kina Lucia limemeguka tena ukingo." Mumewe hajawahi kumwambia anyamaze. Siku hizi hata akitulia kidogo ameze mate, humwuliza, "Enhe, halafu?"

Jana ndiyo iliyoharibu. Kijana wao Felisiani alikuja kutoka Mbeya na gari jipya, akaliegesha mbele ya kanisa watu wakitoka misa. Halingurumi, halitoi moshi, halina hata tundu la kuingizia ufunguo.

"Baba, pumzika kuendesha sasa. Hili lina kamera kila upande. Ukikaribia kitu, linakuambia. La kwako lina nini?"

"Langu lina mama yako," Adriano akajibu.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Tena hiyo ni redio isiyozimika!" Felisiani akadakia. "Mama, kesho panda kwangu, mwache baba aendeshe kwa amani."

Cornelia alicheka nao, lakini aibu ilimwingia hadi kwenye mifupa. Kumbe ndivyo wanavyomwona. Na aliyeanza ni mumewe mwenyewe.

Asubuhi alimwambia mwanawe atangulie, akapanda mahali pake pa siku zote. Alijiapiza moyoni: akifika mjini bila kutamka neno, hakuna atakayemtoa kwenye kiti kile.

Akawaona watoto wa shule, akameza maneno. Akamwona mbuzi amefungwa kando ya njia, akameza tena.

Landrova ikapunguza mwendo. Adriano akapiga honi, ingawa barabara ilikuwa tupu. Akatoa kichwa dirishani, akakirudisha.

"Mama Felisiani, unaumwa?"

Cornelia akatikisa kichwa.

"Mama Felisiani?"

Akatikisa tena.

Sasa gari lilikuwa likitambaa, kama mgeni anayeingia nyumba ya watu bila kukaribishwa. Mara likasimama kabisa, katikati ya barabara.

"Nimekukosea nini?" Adriano aliuliza.

Cornelia akaachia kitenge. "Hujanikosea, baba. Nimeona aibu tu. Nimekuchosha miaka yote hii na mdomo wangu. Nimenyamaza uendeshe kwa amani, kama wanavyotaka."

Adriano akazima injini. Mkono wake ukanyooka kuutafuta wa mkewe, ukapapasa hewani, ukaangukia kwenye gia.

"Aibu ni yangu, mama," akasema. "Tangu mavuno ya mwaka juzi naona weupe tu. Niambie, daraja la kina Lucia bado liko mbali?"